Asubuhi Baada ya Taarabu

Mji wa Unguja haujapata kupungukiwa na shughuli, na anayedai kwamba sanaa imelala humo ama hatoki nyumbani kwake baada ya sala ya isha, ama hana jirani anayeoza. Februari ikiingia, Ngome Kongwe hufurika watu wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004. Aghalabu katikati ya mwaka huja tamasha la filamu. Na baina ya hayo mawili zipo maulidi za mitaani, zafa, kidumbaki cha harusini, na taarabu za Idi ambazo vikundi vya mjini vimezoea kuzipiga tangu zamani. Upungufu, kwa maoni yangu, hauko katika ngoma bali katika kalamu zetu.

Magazeti yetu yana desturi ya kutangaza shughuli kabla haijafanyika, yakataja mahali, saa na kiingilio, na zaidi ya yote jina la mgeni rasmi. Kisha usiku ule hupita, na msomaji akitaka kujua kesho yake nani aliimba, wimbo gani ulikuwa mpya, nani aliutunga na hadhira iliupokeaje, haambulii ila picha ya huyo mgeni rasmi akipewa zawadi. Ajabu ni kwamba tamasha kubwa, ambalo watu wa ng'ambo ya bahari huja kuliandika kwa lugha zao, halina dhiki ya kumbukumbu. Lakini kidumbaki cha mtaa wetu huu wa Ng'ambo, chenye fidla moja, dumbaki mbili, cherewa na sanduku lililofungwa uzi likawa besi, hukesha na kuwakesheza watu mtaa mzima, na kukicha hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba kilipigwa.

Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na klabu ya Culture ikafuata mwaka 1958. Nani leo awezaye kutuonyesha, kwa maandishi ya siku ile ile, nyimbo zilizoimbwa katika Idi moja tu miongoni mwa Idi zote hizo, kwa utaratibu wake na majina ya waimbaji? Yaliyobaki yamo zaidi katika vifua vya wazee, na vifua vya wazee havidumu. Siti binti Saad, mwimbaji mzaliwa wa Fumba, tunamjua vizuri kwa sababu kubwa mbili: mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Kwa baraka ya hayo tunawajua na wenzake, akina Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaabani. Waimbaji wa zama zake ambao hawakufika Bombay wala hawakupata mwandishi wa kuwashughulikia, hao tumewapoteza sauti na majina pamoja. Hata Bi Kidude, aliyeimba mpaka dunia ikamjua, alipofariki Aprili 2013 waandishi hawakuafikiana juu ya umri wake.

Dhuluma iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, humfika mtunzi. Wimbo wa taarabu aghalabu una wenyewe watatu: mmoja hutunga shairi, wa pili hulitilia lahani, na wa tatu hulitoa kwa sauti yake. Huyo wa tatu ndiye anayeendewa jukwaani na akina mama kwa madaha, noti mkononi, wakimtuza. Na ni haki yake, maana kazi ya kuimba si nyepesi. Lakini yule aliyekesha akipima vina na mizani yuko nyuma ya umati, pengine amesimama, na redio itakapoupiga wimbo ule mara elfu jina lake halitatajwa hata mara moja. Mstari mmoja wa gazeti, uliochapwa asubuhi ya pili, ungemhifadhia milki yake kuliko wakili.

Nitajibiwa kwamba harusi ni jambo la sitara, na kwamba si kila kinachoimbwa mbele ya wanawake peke yao kinafaa kupelekwa barazani. Nakubali kabisa, mwandishi mwenye adabu hujua mlango wa kusimama. Nitajibiwa pia kwamba karatasi ni ghali na matangazo ya biashara ni haba. Hoja hii siipi uzito, maadamu gazeti lile lile hupata nafasi ya kutosha, kila Jumatatu, kutueleza timu za Uingereza zilivyofungana.

Linalonitia shaka ni jambo jingine: sisi watu wa pwani tuna haya ya kusema kwamba fidla haikuwiana na udi, au kwamba mwimbaji alisahau beti, kwa kuwa mwimbaji ni mtoto wa fulani na fulani tunaswali naye msikiti mmoja. Matokeo yake, kila shughuli iandikwapo huwa "ilifana sana", na neno hilo limekwisha chakaa kwa kutumiwa. Msanii mwenye azma hafaidiki na sifa ya namna hiyo. Anafahamu vyema kwamba jana yake, katika klabu nyingine, sifa ile ile ilitolewa kwa watu wasiofanya mazoezi.

Kwa hiyo namsihi mhariri, si kwa jambo kubwa: Idi ijayo amteue kijana mmoja mwenye masikio, asimpe tikiti ya hidaya kutoka kwa wenye shughuli bali amlipie kiingilio kwa fedha ya gazeti, amkataze kukaa safu ya mbele karibu na wakubwa, na amwambie asirudi ofisini bila majina ya watunzi.