"Sijaweza" si "Siwezi"

Mwaka 2012, nikiwa masomoni Uingereza, nilijitosa katika mashindano ya kuogelea baharini kule Brighton. Nilidhani mzaliwa wa Pwani haogopi maji. Lo! Baridi ya nyuzijoto 15 ilinibana kifua, pumzi zikanikatika, moyo ukaninong'oneza: "Siwezi." Nikakumbuka kuwa mshtuko huo hupungua baada ya dakika chache. Nikaelea chali, nikajisahihisha: "Sijaweza." Pumzi ziliporejea, nikaogelea hadi ufuoni. Nilikuwa wa mwisho, lakini nilifika.

Walimu wenzangu, kiambishi -ja- hukanusha tendo bila kuua tumaini. Mwanafunzi akidai hawezi Hisabati, tusimcheke wala tusikubaliane naye. Tumfunze kusema "sijaweza", kisha tumpe muda pumzi zimrudie.