Mtaala wa sayansi tunao, sumaku ndiyo hatuna

Kama una ndugu mdogo aliye kati ya Gredi ya Nne na ya Sita, huenda umewahi kutumwa saiba saa moja usiku kuprinti picha ya sumaku. Unalipa, mtoto anaikata kwa makasi, anaibandika kwenye daftari, mwalimu anatia alama ya vyema, na mada imeisha hapo. Sumaku yenyewe hajaigusa.

Sasa linganisha na zile stori za mtaani: "Mtoto wa fulani anasoma international, hao wako mbele sana." Kwani wako mbele kwa nini hasa? Ni mtaala wao au ni kitu kingine? Swali hili ni lako pia, maana ikiwa hulipi karo ya mdogo wako leo, utalipa ya mwanao kesho.

Tuanze na makaratasi. CBC ilianza kutumika kote nchini mwaka wa 2019 katika madarasa ya chini ili kuchukua nafasi ya 8-4-4, iliyokuwapo tangu 1985. Mtoto akifika Gredi ya Nne anaanza somo la Sayansi na Teknolojia: viumbe hai, mazingira, maada, nguvu na nishati, pamoja na teknolojia ya dijitali. Mtaala unamtaka achunguze, ajaribu, ajadiliane na wenzake, kisha aeleze alichokiona.

Weka kando yake mtaala wa Cambridge unaofundishwa katika shule nyingi za kibinafsi Nairobi. Una biolojia, kemia, fizikia, na sehemu ya Dunia na Anga, juu ya hayo kuna kufikiri na kufanya kazi kisayansi. Singapore nao hawafundishi sayansi kama somo hadi mtoto afike darasa la tatu, kisha wanaipanga kwa mada tano tu: uanuwai, mizunguko, mifumo, mwingiliano na nishati.

Ukiitandaza mitaala hiyo mitatu mezani, wetu hautii aibu. Una pengo moja la wazi: mambo ya dunia. Katika TIMSS, mtihani wa kimataifa wa hisabati na sayansi unaofanywa kila baada ya miaka minne, asilimia 20 ya maswali ya sayansi ya Gredi ya Nne huhusu dunia, hali ya hewa na anga. Sisi mengi ya hayo tumeyatawanya kwenye Kilimo na Masomo ya Kijamii, mtoto anayasoma bila kujua kwamba ni sayansi. Hilo linarekebishika kwa kalamu.

Shida kubwa haiko kwenye karatasi. Iko kwenye dawati.

Serikali hutenga Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma. Gawanya kwa mihula mitatu: hazifiki Sh500 kwa muhula, na hizo ni za vitabu, chaki, ukarabati na mengine yote. Kipindi nacho ni dakika 35. Mpe mwalimu darasa lililofurika, kama yale ya mitaa yetu ya Eastlands, umwambie kila mtoto aunganishe betri na balbu ndani ya muda huo. Atafanya nini? Atachora ubaoni. Wewe ungefanya vipi?

Kisha kuna mtihani. KPSEA ya Gredi ya Sita ni ya kuchagua jibu. TIMSS pia ina maswali ya kuchagua, lakini mengine humtaka mtoto aandike mwenyewe kwa nini anadhani jambo liko hivyo. Asilimia 40 ya alama ni ya kujua, 40 ya kutumia anachojua, na 20 ya kutoa hoja. Mtoto wa kubandika picha anaweza kupita hiyo 40 ya kwanza. Hizo 60 zilizobaki zinataka aliyeshika, akakosea, akajaribu tena.

Na hapa ndipo tunapojidanganya. Viongozi wetu hupenda kusema mtaala huu ni wa viwango vya kimataifa. Umepimwa wapi? Tangu TIMSS ianze mwaka wa 1995 hadi awamu ya 2023, Kenya haijashiriki hata mara moja. Singapore iliongoza 2023 kwa alama 607 katika sayansi ya Gredi ya Nne, ilhali kipimo cha katikati ni 500. Sisi tungepata ngapi? Hakuna anayejua.

Utasikia mtu akisema, "Tujipeleke huko tukaaibike?" Afrika Kusini wamekuwa wakienda, na wamekaa karibu na mkia. Lakini leo wanaweza kuonyesha kwa takwimu jinsi mtoto wa shule ya bure anavyoachwa nyuma na mwenzake wa shule ya kulipia. Sisi tunalijua hilo kwa stori za matatu tu, na stori haziwezi kudai bajeti bungeni.

Hatusemi tuige Singapore. Usisafirie nyota ya mwenzio. Tunasema mambo matatu. Wizara iisajili Kenya katika TIMSS ijayo. KICD ikusanye sayansi ya dunia mahali pamoja. Na kila shule ya umma ipate sanduku moja la vifaa vya sayansi: sumaku, lenzi, kipimajoto, betri, nyaya na balbu.

Kwa nini haraka? Kundi la kwanza la CBC limefika Gredi ya 10 mwaka wa 2026, ambako wanafunzi hugawanywa kwa mikondo, mmojawapo ukiwa wa sayansi na teknolojia. Mtoto ambaye hajawahi kugusa sumaku atauchagua mkondo huo kwa msingi gani? Na asipouchagua, tutasema hakuwa na kipaji.

Wakati unasubiri wizara, usikae tu. Siku nyingine ukitumwa saiba kuprinti sumaku, pita kwa fundi wa redio. Mwombe spika iliyoharibika. Nyuma yake kuna sumaku. Mpe mdogo wako pamoja na misumari, kijiko, sarafu na kipande cha sufuria, umwache ajionee mwenyewe kipi kinanasa na kipi hakinasi. Kisha muulize swali moja: kwa nini?

Hilo swali ndilo kiwango cha kimataifa.