Bibi akianza kusahau, pimeni presha kabla ya kusema ni uzee

Siku ya soko, akina mama wengi wa Lushoto, Soni na Mlalo hutoka alfajiri na matenga ya kabichi na karoti, watoto wakibaki na bibi yao. Vizazi vingi vimelelewa hivyo. Wasiwasi huanza pale bibi anapoacha maharage motoni mpaka yanaungua, anapochelewa kukumbuka hatua za kazi aliyoizoea, au anapotembea kwa hatua fupi na kuyumba kwenye kilima alichokipanda miaka yote. Nyumbani husemwa ni uzee. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa.

Kuna chanzo kingine ambacho familia nyingi hazikifikirii: presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa.

Mkulima wa milimani anajua faida ya bwawa dogo juu ya shamba. Hupokea maji yanayokuja kwa kishindo, kisha huyaachia taratibu kwenye mifereji. Mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo hufanya kazi kama hiyo. Moyo unapodunda, mshipa hutanuka kama mpira, kisha hujirudi na kuisukuma damu kwa utulivu. Umri, presha, kisukari na sigara huufanya ukakamae. Hapo kishindo cha kila pigo hufika mpaka kwenye mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Kuta za mishipa hiyo hunenepa, njia huziba, na mingine huvuja damu. Ubongo hudhurika kidogo kidogo, kama tuta la mwisho ambalo mfereji wake umebomoka.

Ndiyo maana mzee huyu huwa mzito wa kufikiri, huanguka mara kwa mara, hubanwa na haja ndogo ghafla au hupoteza uchangamfu. Hatari kubwa zaidi ni kiharusi.

Presha yenyewe mara nyingi haina dalili. Katika Wilaya ya Hai, mkoa jirani wa Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2009 na 2010. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi hawakuwa wakijua.

Habari njema ni kwamba uharibifu unaweza kupunguzwa kasi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watu walioshushiwa zaidi presha kwa dawa walipata ongezeko dogo la madoa ya uharibifu kwenye ubongo kuliko wenzao. Madoa hayakukoma, ila yaliongezeka polepole. Kiwango cha kushusha hupangwa na daktari, maana mzee akishushwa mno anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka.

Familia ifanye nini

Bibi apelekwe zahanati au kituo cha afya kupimwa presha na sukari. Vipimo vya 140/90 au zaidi vikijirudia, anahitaji matibabu. Dawa ni ya kila siku, hata akijisikia mzima. Ikimsumbua, arudi kwa daktari badala ya kuiacha. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na iliyomo kwenye viungo vya dukani.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Wazazi nao wapimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mishipa huanza kukakamaa miaka mingi kabla ya uzee.

Na wajukuu? Bibi asinyang'anywe. Aendelee kuwasimulia hadithi na kuwachambulia maharage, lakini awepo kijana au jirani wa kuangalia moto na mtoto mchanga mpaka mama arudi kutoka sokoni.