BOTI IKAGULIWE KWANZA, HELA BAADAYE

Ndugu Wanaushirika,

Habari ya boti mmeshaisikia. Kamati imekwenda Magu, imeiona, imerudi inasema ni nzuri, ina rangi mpya ya buluu na mashine inanguruma. Jumamosi tunatakiwa tupige kura, hela ya pamba ya wanachama itoke, tuanze kuvua dagaa tuwauze huku Mwadui na Maganzo. Wazo lenyewe naliunga mkono. Ninachopinga ni haraka.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Mnadani hakuna mtu wa hapa anayelipa kabla hajamfungua ng'ombe mdomo akatazama meno, akamtembeza aone kama anachechemea. Na almasi pale Maganzo hainunuliwi gizani. Sasa boti, kitu tusichokijua kabisa, ndiyo tuinunue kwa kutazama rangi? Rangi ndiyo inayoficha.

Boti ya mbao iliyotumika ipandishwe nchi kavu, igeuzwe. Fundi achokonoe mbao kwa ncha ya kisu, hasa kwenye mkuku na pale misumari ilipopita. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mbao imeoza. Agonge kwa nyundo, asikilize. Atazame kalafati kwenye maungio. Halafu irudishwe majini, ipakiwe mizigo, ilale, asubuhi tupime maji yaliyoingia. Mashine nayo iguswe kabla ya kuwashwa: ikiwa ya moto, ujue mwenyewe ameshahangaika nayo tangu alfajiri. Iendeshwe saa nzima mbali na ufuko, siyo dakika tano.

Na fundi huyo asiwe wa muuzaji. Tumlipe sisi. Tena twende TASAC pale Mwanza, ndio wenye kazi ya kukagua vyombo vya majini, tuulize kama imesajiliwa na kwa jina la nani.

Hata boti nzima inaweza isifae. Meli ya Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989, ikavusha abiria Seattle kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu. Ikauzwa mwaka 2011, ikaletwa Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam, ilipinduka kwenye upepo mkali karibu na kisiwa cha Chumbe, wakafa watu wengi. Kwa hiyo fundi aulizwe na hili: boti yetu iliundwa kwa kuvua karibu na ufuko au kwa kulala katikati ya ziwa na dhoruba zake?

Wengine wanasema eti gharama. Ni kweli, nauli na ujira wa fundi tutalipa hata tukiambiwa boti ni mbovu, na hela hiyo hairudi. Lakini jamani, mmeisahau mashine ya kusaga tuliyonunua ikiwa imeshatumika? Nayo ilikuwa na rangi nzuri. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Ilisaga miezi miwili tu. Ilipokufa, akina mama walijitwika mahindi yao wakarudi nyumbani. Boti ikifa usiku katikati ya ziwa, vijana wetu watarudi kwa miguu gani?

Jumamosi nitanyoosha mkono kukataa, mpaka karatasi ya fundi iwe mezani na isomwe kwa sauti, wote wasikie.

Katibu wa Chama,
Tawi la Kijiji