Kidonge Bila Maelezo ni Nusu ya Tiba

Damu ya mwanadamu ina kazi mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zaonekana kupingana. Ndani ya mishipa haina budi kutiririka bila kukoma. Mtu ajikatapo, haina budi kuganda upesi ili uhai wake usimwagike. Afya yetu imo katika mizani baina ya kazi hizo mbili. Mizani ikielemea upande mmoja, damu hutoka isikatike. Ikielemea upande wa pili, damu huganda mahali isipotakiwa. Makala haya yanahusu dawa zitumikazo kuirekebisha mizani hiyo, na hasa jambo moja ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito unaostahili, yaani elimu ya yule azimezaye na ya yule azitoaye.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Bonge la damu hutokea kwa sababu kuu tatu: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, au damu yenyewe kuwa tayari mno kuganda. Ndiyo maana hatari huongezeka kwa mgonjwa aliyelala kitandani siku nyingi baada ya upasuaji, kwa aliyevunjika mguu, kwa mwenye saratani, na kwa mama mjamzito hadi wiki zipatazo sita baada ya kujifungua. Mguu mmoja huvimba, huuma na kupata joto kuliko mwenzake. Bonge likimeguka husafiri kupitia moyoni hadi mapafuni, na hapo mtu hubanwa pumzi ghafla, kifua kikamchoma, na huenda akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Likitokea upande wa kushoto wa moyo, laweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki liko kundi jingine ambalo hapana budi tulifikirie kwa namna ya pekee. Hao ni wagonjwa wa moyo uliodhuriwa na homa ya baridi yabisi, ambayo chanzo chake ni maambukizo ya koo yasiyotibiwa utotoni. Wengi wao ni vijana, na wengi zaidi ni wanawake. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe Dar es Salaam mwaka 2015, wagonjwa wengi ambao zamani wangengoja kupelekwa India wamefanyiwa upasuaji humu nchini. Lakini mwenye vali bandia, ile ambayo wagonjwa huiita ya chuma, hutakiwa kumeza warfarini maisha yake yote. Upasuaji huchukua saa chache. Dawa huendelea kwa miaka arobaini, nyumbani, mbali na daktari.

Historia ya dawa hii ina mafunzo. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa jimbo la North Dakota, Marekani, walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu ya klova yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ndoo ya damu isiyoganda. Baada ya kazi ya miaka mingi, Link na wenzake waliitenga kemikali iliyosababisha vifo hivyo, na kutokana na ujuzi huo ikapatikana warfarini. Mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 iliidhinishwa kutibu watu, na mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower wa Marekani alipopatwa na ugonjwa wa moyo. Kitu kile kile kilichomwua panya kilimhudumia rais. Tofauti ilikuwa kiasi cha dawa na uangalizi wa wenye ujuzi.

Uangalizi huo hufanywa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikisanifisha mwaka 1983. Mtu asiyetumia dawa huwa na kiasi cha 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na wenye baadhi ya vali bandia huhitaji kuzidi hapo kidogo. Chini ya mpaka huo bonge laweza kutokea. Juu yake damu yaweza kuvuja tumboni au kichwani. Tena watu wawili wenye umri mmoja na uzito mmoja huenda wakahitaji vipimo tofauti kabisa vya dawa. Hakuna awezaye kukisia, sharti kupima.

Ugumu hauishii hapo. Warfarini huzuia ini kuitumia vitamini K katika kutengeneza protini za kugandisha damu, na vitamini hiyo imejaa katika mboga zetu za majani: mchicha, kisamvu, matembele. Wagonjwa wengi huambiwa tu, "Usile mboga." Ushauri huo haufai. Mboga ni chakula bora. Litakiwalo ni kula kwa kiasi kisichobadilika sana, ili dawa nayo ipimwe kulingana na mazoea hayo. Hatari zaidi ni dawa nyingine. Metronidazoli, flukonazoli, na kotrimoksazoli ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin, huongeza nguvu ya warfarini. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, huipunguza nguvu warfarini mno, hata kipimo kikalazimika kuongezwa sana. Basi fikiri, msomaji, siku matibabu ya kifua kikuu yanapokwisha. Mgonjwa hufurahi kwamba amepona, rifampisini huachwa, warfarini hubaki katika kiwango kile kile kikubwa, na baada ya wiki chache damu huanza kumtoka. Hapo hakukosekana dawa. Lililokosekana ni neno moja la onyo kwa mgonjwa, na neno jingine baina ya kliniki mbili.

Kwa wanawake vijana lipo onyo zito zaidi. Warfarini yaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili ya mimba, wakati ambapo wengine hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Lakini kuiacha ghafla kwa woga kwaweza kumwua mama, kwa kuwa vali yake huziba. Kwa hiyo mazungumzo haya hayana budi kufanyika kabla ya mimba, na kwa kweli hata kabla ya kuchagua aina ya vali.

Tatizo moja ni lugha. Mitaani dawa hizi huitwa "za kuyeyusha damu". Jina hilo hupotosha. Dawa hizi haziifanyi damu kuwa maji, wala haziyeyushi bonge. Huzuia bonge lisikue na jipya lisitokee, huku mwili wenyewe ukiliondoa la zamani polepole. Aliyeambiwa kwamba damu yake itayeyushwa, uvimbe ukipungua huona kazi imekwisha, akaacha vidonge. Mwingine huogopa kuishiwa damu, akamimina vidonge chooni.

Lawama hii haimhusu mgonjwa peke yake. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa nne wakieleza kwa Kiingereza fasaha jinsi protini za damu zinavyoamshana mmoja baada ya mwingine. Lakini ukiwaambia wamweleze jambo hilo mama wa kijijini kwa Kiswahili, hunyamaza. Hatukuwafundisha. Tunawatahini juu ya dawa, hatuwatahini juu ya kuielezea. Nasi tuliosomea ng'ambo tuna wajibu wa kwanza katika jambo hili, kwa sababu tuliona wenzetu wakimpa kila mgonjwa wa warfarini kijitabu kwa lugha yake.

Wako watakaosema kwamba dawa mpya zitatuondolea taabu hii. Ni kweli kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu, na kwa wagonjwa wengi ni bora, kwani hazihitaji INR. Lakini jaribio la dabigatrani kwa wenye vali bandia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, lilikatizwa kwa sababu ya madhara. Tena utafiti wa mwaka 2022 juu ya wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliotumia dawa za jamii ya warfarini kuliko waliotumia rivaroksabani. Wagonjwa wetu hasa ndio wataendelea kuihitaji dawa ya zamani. Hata dawa mpya zenyewe hukoma kufanya kazi upesi mtu anaporuka siku, kwa hiyo nazo zadai elimu.

Wengine watasema kwamba hakuna wakati, kwani foleni ni ndefu. Hilo nalikubali. Lakini si lazima kazi hii ifanywe na daktari. Muuguzi au mfamasia aliyefunzwa vema aweza kuifanya, pengine kwa ustadi zaidi. Na wale wanaohofu kwamba maelezo mengi yatamtisha mgonjwa wakumbuke kwamba mtu huogopa zaidi asilolijua.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mgonjwa apewe kadi ya Kiswahili yenye jina la dawa, kipimo kwa miligramu, tarehe ya kupima INR, na dalili za hatari: choo cheusi, mkojo mwekundu, kuumwa kichwa kusiko kwa kawaida. Kadi iandike miligramu, wala si idadi ya vidonge, maana vidonge hutofautiana nguvu. Pili, kabla ya kuondoka mgonjwa aombwe aeleze mwenyewe atakavyoitumia dawa, na atafanya nini akisahau. Jibu sahihi si kumeza maradufu kesho yake. Tatu, vyuo vyetu vya afya vifundishe na kutahini ufundi wa kueleza kwa Kiswahili, kama vinavyotahini kuchoma sindano.

Hakuna katika haya kinachohitaji mtambo wa gharama. Tumekwisha kugharimia upasuaji na dawa, na wagonjwa wamekwisha kuvumilia kisu. Kuwanyima maelezo baada ya hayo yote ni kuiacha kazi njiani.