Pumzi haijengwi kwa wiki moja

Msimu ukikaribia, huku Shinyanga na Geita utaona wachezaji wanakimbizwa lami asubuhi, uwanjani jioni, siku saba mfululizo. Wiki ya tatu kikosi kinachechemea: ugoko, goti, nyonga. Hapo hakuna aliyerogwa. Pumzi huja haraka, mifupa na misuli huchelewa, nayo hukomaa mtu akipumzika.

Makocha, ongezeni mbio kidogo kidogo kila wiki, na siku moja watu walale. Kijana aliyeshinda duarani akichimba dhahabu, kazi ile nayo ni mazoezi, ihesabuni.

Msimu wa 2021/22 George Mpole aliifungia Geita Gold mabao 17, timu ikamaliza ya nne Ligi Kuu. Mabao hayo hafungi mtu aliyekaa jukwaani na barafu gotini.