Usiku wa kuwinda mizimu huanza mchana

Anayepanga kulala kwenye jengo la kale akiwinda mizimu angepita kwanza Vitshumbi. Kijiji hiki cha wavuvi, kusini mwa Ziwa Edward, kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Giza likiingia, viboko hutoka majini kutafuta majani, wakapita hata kando ya nyumba. Zile pumzi nzito na vishindo, ambavyo mgeni angevirekodi kama mzimu, wenyeji wanavitambua vizuri: mtu husimama, hunyamaza, humwacha mnyama apite.

Upande wa mji wa Goma hatari haina hata sauti.

Mazuku ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni, hasa usiku usio na upepo, na imeshaua watu na mifugo. Kutandika mkeka sakafuni mahali pa namna hiyo ni kucheza na roho.

Huko Gedi, pwani ya Kenya, James Kirkman aliyeanza kuchimba magofu mwaka 1948 alikiri kuhisi kama anatazamwa kutoka nyuma ya kuta. Hata hivyo aliendelea kupima misikiti, kuchambua vigae na kusoma kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399.

Basi mwindaji aombe ruhusa, akague jengo mchana, awe na mwenyeji na tochi mbili, na kila sauti aiandikie saa yake.